Mbizi Mbili Kabla ya Kupanda Rangwi

Watu wa bandarini Tanga hawakuchoka kumshangaa Kornelio Shekalaghe. Huyu alikuwa mtu wa Rangwi, aliyekulia katika baridi ya milima ya Usambara, mahali ambapo maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya bwawa dogo la kumwagilia kabichi za misheni. Hata hivyo, alikuwa amegeuka kuwa mzamiaji aliyetegemewa kuliko waliozaliwa wakisikia mawimbi. Alishuka mlimani mwaka wa Uhuru kutafuta kibarua cha kupakia katani melini. Siku moja mnyororo wa winchi ulianguka majini, msimamizi akauliza nani atauzamia, vijana wa pwani wakatazamana, na Kornelio akavua shati. Tangu hapo hakubeba tena robota la katani.

“Mshambaa na bahari wapi na wapi?” walimtania wenzake. “Si ungebaki kwenu ukauza matunda ya plamsi?”

“Plamsi nimewaachia ninyi mnaoogopa kulowa,” alikuwa akiwajibu, kisha hujifunga mkanda wa vipande vya risasi vya kumtia uzito na kuzama.

Katika mwaka wa 1972 kampuni moja ya kigeni ilipewa kazi ya kuinua tishari, chombo bapa cha kubebea shehena, lililozama karibu na mlango wa bandari. Wazamiaji walikuwa wenyeji, na msimamizi wao alikuwa Valentino, mtu wa Mtwara aliyesomea kazi hiyo ng’ambo. Kampuni ilileta mitungi ya namna mbili. Namna ya kwanza ilijazwa hewa ya kawaida, hii tunayoivuta sote. Ya pili ilijazwa mchanganyiko uliozidishiwa oksijeni na kupunguziwa naitrojeni. Hewa ya kawaida ilitumika kwa kina kirefu, kwa sababu oksijeni nyingi ikigandamizwa sana huwa sumu na humtia mtu kifafa. Mchanganyiko ulitumika kwa kina kifupi, ambako ulimruhusu mzamiaji akae muda mrefu zaidi kazini.

Valentino aliwafundisha kwa mfano waliouelewa. Mtu akiwa chini, alisema, naitrojeni huingia mwilini mwake na kutulia katika damu na mafuta, kama povu linavyotulia ndani ya kibuyu cha boha, pombe ya miwa, kilichozibwa mdomo. Akipanda taratibu, hutoka kidogo kidogo kwa pumzi. Akipanda haraka, kibuyu hufoka. Hata akipanda vizuri, sehemu ya naitrojeni hubaki mwilini kwa saa nyingi, na kila mbizi ya pili ni lazima ihesabiwe pamoja na mabaki ya ile ya kwanza. Ndiyo maana ukutani mwa kibanda cha mitungi palibandikwa onyo kwamba aliyezamia asipande ndege mpaka siku ya pili. Kornelio alilipita onyo hilo kila asubuhi bila kulitazama, kwani hakuwa ametia mguu katika ndege maishani mwake, wala hakutarajia.

Ikawa mwezi wa Agosti dada yake Paskalina akampelekea salamu kupitia kwa Rubeni, dereva wa Landrova ya parokia, kwamba binti yake Efrazia ataolewa Jumamosi na kijana wa Mtae aitwaye Danieli. Katika ukoo wao bibi arusi hakutoka chumbani kwa mama yake mpaka mjomba amshike mkono na kumvusha kizingiti. Paskalina hakuwa na kaka mwingine. Kornelio asipofika, binti angekaa ndani, na watu wa Mtae wangerudi kwao mikono mitupu.

“Dada yako amesema nisirudi bila wewe,” Rubeni alimwambia. “Amesema hata kama ni kukuvua kwa ndoana.”

Tatizo lilikuwa tishari. Maboya ya kuliinulia yalikuwa tayari, na maji ya bamvua yaliyotakiwa kulibeba yalikuwa yanakuja. Zilibaki mbizi mbili. Moja ilikuwa ndefu, chini kabisa, ya kupitisha kamba za chuma tumboni mwa chombo. Nyingine ilikuwa ya juu juu, ya kuzifunga kwenye maboya. Valentino alikuwa Dar es Salaam akikomboa vipuri, naye alimwachia Kornelio madaraka ya kupanga kazi. Katika mpango wa Valentino mbizi ya kwanza ilikuwa ya Ijumaa na ya pili ya Jumamosi. Kornelio alizileta zote mbili asubuhi ya Ijumaa, ili adhuhuri awe njiani kwenda kwao.

Hakufanya hivyo kwa pupa. Alikaa na majedwali akasoma. Jedwali la hewa ya kawaida lilikuwa na karatasi yake, na la mchanganyiko lilikuwa na yake. Alitafuta muda wa mbizi ya kwanza katika jedwali la kwanza akaufuata. Alitafuta muda wa mbizi ya pili katika jedwali la pili akaufuata vilevile. Moyoni alijiambia kwamba gesi zikiwa tofauti, hesabu nazo ni tofauti. Tena mchanganyiko una naitrojeni kidogo, kwa hiyo mbizi ya pili itamsafisha. Wazo hilo lilimpendeza sana. Alizama mara ya kwanza bahari ikiwa bado ya kijivu, akapumzika kwa kikombe cha chai ya tangawizi, akazama mara ya pili, akatoka mzima, akacheka na wenzake, akavaa suti.

Njiani Rubeni alizungumza tangu Muheza mpaka Korogwe. Walipoiacha Mombo na kuanza kupanda kona za Soni, bega la kulia la Kornelio lilianza kuuma.

“Mbona unajikanda kama bibi kizee?” Rubeni aliuliza.

“Kamba za chuma zile. Nilizivuta sana.”

Walipopita Lushoto mjini maumivu yalikuwa yameshuka kwenye kiwiko. Katika msitu wa Magamba, ambako barabara hufikia kimo chake cha mwisho kabla ya kuteremkia Rangwi, ngozi ya tumbo ilimwasha kana kwamba amelalia upupu. Alifunga vifungo vya koti. Aliona aibu kufika arusini akiwa na malalamiko. Usiku ule alilala kwa dada yake akihisi ganzi katika nyayo, akailaumu baridi aliyokuwa ameisahau.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na ukungu mwepesi, kisha jua likatoka. Kornelio aliegemezwa na Rubeni kutoka kitandani mpaka kwenye kigoda, na wote wawili walifanya mzaha juu ya miguu ya mtu wa pwani iliyosahau mlima. Kigoda kiliwekwa sebuleni, kikielekea mlango wa chumba alimokuwa Efrazia. Nje uani walijaa watu wa Mtae, na mbele yao mshenga wao Yohane, mtu mwembamba mwenye sauti kama tarumbeta.

“Onga mshi, mwenye nyumba!” Yohane aliita kwa salamu ya Kishambaa. “Tumetoka mbali, tumesikia humu ndani kuna mtu wetu.”

“Mtu yupo,” Kornelio alijibu kwa sauti ya kutosha, “lakini si wenu bado.”

“Basi mlete tumwone, huenda tukampenda!”

Wanawake wakacheka na kupiga makofi. Sasa ilikuwa zamu ya mjomba kusimama, kuingia chumbani na kutoka na binti. Kornelio aliweka mikono juu ya magoti, akainama mbele kidogo, akasimama. Yaani aliamini kwamba amesimama. Kifua kilikwenda mbele, mikono ilisukuma, lakini macho yake yalibaki pale pale yalipokuwa, usawa wa kitasa cha mlango.

“Mjomba, simama basi, jua linatuchoma!” Yohane alipaza sauti. “Au boha la Rangwi limekuzidi nguvu?”

Kicheko kilienea ua mzima. Kornelio naye alicheka, kwa sababu alikuwa hajaelewa. Alijaribu tena. Alitazama chini akaviona viatu vyake, vimeng’arishwa, vimepangana vizuri, na ndani yake miguu yake mwenyewe. Alijifinya paja. Alihisi kitambaa cha suruali kwenye vidole, lakini paja halikuhisi vidole. Ilikuwa kama kufinya kigoda.

Paskalina aliinama sikioni mwake. “Kaka, usinifanyie hivi mbele ya wakwe.”

“Paskalina, miguu haipo.”

“Ipo, naiona!”

“Haipo,” alirudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari za mwingine. “Na haja ndogo haijatoka tangu jana jioni.”

Paskalina alimtazama usoni, akaachama. Sahani ya karanga iliyokuwa mkononi mwake iliinama, na karanga zote zikamwagika sakafuni, wala hakuna aliyeinama kuziokota. Kicheko cha nje kilikatika safu kwa safu, kuanzia kwa waliokuwa mlangoni mpaka kwa wale wa nyuma ambao hawakujua kwa nini wananyamaza.

Ndipo hesabu ilipomjia Kornelio. Ilimjia ghafla na yote kwa pamoja. Karatasi zilikuwa mbili, ndiyo, na gesi zilikuwa mbili, lakini damu iliyozivuta ilikuwa moja. Naitrojeni ya mbizi ya alfajiri haikujua kwamba mtungi umebadilishwa. Ilikaa palepale ilipokuwa wakati akianza mbizi ya pili kwa jedwali la mtu ambaye hajazamia kabisa. Hakuwa amesafishwa. Alikuwa ameongezewa. Na akiwa amejaa namna hiyo, mara moja alipanda. Aliwaza juu ya onyo la ukutani na ndege ambayo hakuipanda, kisha akawaza juu ya kona za Soni, na Magamba. Kule juu hewa ni nyepesi kama ya ndegeni, na mapovu mwilini hutanuka.

“Nishusheni Tanga,” alisema. “Sasa hivi. Kuna chumba cha chuma kule cha kumgandamiza mtu. Nikikaa huku juu sitatembea tena, na huenda nisiamke.”

Mzee Anselm, kaka mkubwa wa baba yake Efrazia na msemaji wa nyumba, alisogea akigonga fimbo. “Mgonjwa hashushwi bondeni, Kornelio. Tutakukanda kwa mafuta, utapumzika, jioni utasimama umtoe mtoto. Au,” aliongeza akiangalia uani, “kuna mtu amekuja na jambo lake?”

“Mzee, chunga ulimi!” Yohane alifoka kutoka nje. “Sisi tumekuja na shuka na jembe, hatukuja na uchawi!”

“Hakuna uchawi,” Kornelio alisema. “Ni mimi. Nimekosea hesabu. Mwacheni dada amtoe binti yake.”

“Mama hamtoi bintiye wakati mjomba yumo ndani ya nyumba, yu hai, anapumua,” Anselm alijibu. “Hilo halijapata kutokea. Ukiondoka, arusi imevunjika, na mtoto huyu atabeba jina hilo mpaka kufa.”

Miongoni mwa wageni alikuwamo Jenoveva, muuguzi wa zahanati. Alipiga magoti, akamvua Kornelio kiatu na soksi, akamchoma wayo kwa pini ya kitenge chake. Tone la damu lilitokea. Kornelio aliliona tone, lakini hakuona uchungu wowote. Wanawake waliokuwa karibu walijiziba midomo.

“Kila saa inayopita inamdhuru,” Jenoveva alisema. “Hata mimi naona hivyo.”

Kornelio aliwatazama mmoja mmoja. Aliuona uso wa dada yake, ambao tangu utoto hakuweza kuukatalia kitu. Akafikiri juu ya binti aliyekaa nyuma ya mlango, amepakwa mafuta, amefunikwa shela, anasikia kila neno. Akafungua mdomo.

“Nitasubiri kidogo,” alisema. Maneno yake mwenyewe yalimshtua kuliko miguu.

Mlango wa chumba ukafunguka kutoka ndani. Lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona. Efrazia alitokea amesimama, shela ameifunua usoni, na mikono yenye hina imeshika fremu ya mlango. Mtu fulani alitoa sauti kama aliyeungua.

“Rudi ndani!” Anselm alipiga kelele.

Binti alipita mbele yake. Alipiga goti mbele ya kigoda. “Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nipe mkono.”

“Siwezi kusimama.”

“Sikusema usimame. Nimesema mkono.” Kisha akageuza kichwa. “Kaka Rubeni, leteni machela. Mpitisheni mjomba chumbani kwanza, halafu tutoke pamoja. Imesemwa mjomba anishike mkono anivushe kizingiti. Haikusemwa atembee.”

Anselm alitikisa kichwa mara kadhaa, kisha akasogea kando. Rubeni na vijana wawili walikuwa wamekwisha kufunga blanketi kwenye miti. Walimlaza Kornelio, wakamwingiza chumbani, wakamgeuza kwa shida kati ya kitanda na sanduku, wakatoka naye. Efrazia alitembea kando, kiganja chake ndani ya kiganja cha mjomba wake. Kornelio alimshika kwa nguvu zote alizokuwa nazo katika mwili aliobakiwa nao. Walivuka kizingiti.

Uani hapakuwa na kigelegele. Watu waliachia njia, wanaume wakavua kofia kana kwamba wanapitisha jeneza, na mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, akanyamazishwa. Danieli, bwana arusi, alisimama amekauka katika suti ya kuazima. Machela ilisimama mbele yake. Kornelio aliuweka mkono wa Efrazia katika mkono wa kijana huyo, uliokuwa baridi kama wa maiti.

“Mtunze,” Kornelio alisema.

“Ametolewa,” Yohane alitamka polepole, bila utani wowote. “Sisi watu wa Mtae tumeona. Ametolewa na mjomba.”

Wakati huo Jenoveva alikuwa amekwisha kukimbilia zahanati na kurudi na mtungi mdogo wa oksijeni ya wagonjwa. Walimlaza Kornelio nyuma ya Landrova, naye Paskalina akapanda pamoja na muuguzi. Gari lilipoondoka, lilianza kupanda.

“Rubeni!” Kornelio aliita. “Unakwenda wapi? Nimesema chini!”

“Hakuna njia nyingine ya gari, mjomba. Ukitaka kushuka Tanga ni lazima kwanza upande Magamba.”

Alikuwa akilijua hilo tangu akiwa mtoto, na bado alilipokea kama tusi. Kila kona ilimwinua zaidi, na kila alivyoinuliwa mapovu ya naitrojeni yalizidi kutanuka ndani ya uti wa mgongo wake. Jenoveva alimfunika barakoa puani na mdomoni. Kornelio alijilazimisha kupanga, kama anavyopanga mtu aliye juu ya mashua. Sasa avute oksijeni tupu, isiyo na naitrojeni hata chembe, ili iliyomo mwilini ipate njia ya kutoka. Mtungi huu uwafikishe Lushoto. Pale waombe mwingine hospitali ya wilaya, na wapige simu bandarini chumba kiandaliwe. Alieleza yote hayo kwa vipande, akiinua barakoa na kuirudisha, mpaka Jenoveva akamwambia anyamaze avute.

Hospitalini walipewa mtungi wa pili na simu ikapigwa. Walipofika Mombo, kwenye joto la bondeni, maumivu ya bega yalilegea. Miguu haikurudi.

Valentino aliwapokea gatini. Alikuwa amewasili kutoka Dar es Salaam adhuhuri ileile, na vumbi la safari lilikuwa bado kwenye kola yake. Waliingiza machela katika chumba cha chuma, kilichofanana na pipa lililolazwa, mlango ukafungwa, na hewa ikaanza kuingia kwa mvumo. Masikio ya Kornelio yaliziba kama yanavyoziba mtu anapozama. Alikuwa anarudishwa chini pasipo maji. Valentino alikaa nje kwenye dirisha dogo la kioo kizito, akizungumza kwa bomba la sauti.

“Ulilala wapi jana?”

“Kwetu.”

“Kwenu ni futi ngapi juu ya bahari?”

Kornelio alitafuta namba kichwani. Alijua kina cha kila gati la Tanga, na kina cha tishari nyuma kwenye tezi na mbele kwenye omo. Swali hili hakuwahi kuulizwa.

“Na mbizi ya alfajiri, ya hewa,” Valentino aliendelea, “uliihesabu wapi katika ile ya pili?”

“Sikuihesabu. Nilidhani gesi ni tofauti.”

Valentino aliweka paji la uso juu ya kioo na kufumba macho. Alipoyafumbua akasema, “Tikisa vidole vya miguu.”

Alitikisa. Hakujua kama ametikisa. Aliona macho ya Valentino yakipanuka.

“Kushoto,” sauti ya bomba ilisema. “Kimetikisika cha kushoto. Rudia. Sasa kulia.”

Alirudia mara nyingi, wakati huo na siku zilizofuata, kwani walimwingiza chumbani tena na tena. Mguu wa kushoto ulirudi wote. Wa kulia ulirudi mpaka gotini, ukakomea hapo, naye aliuburuza maisha yake yote. Hakuzama tena baharini. Kampuni ilipomaliza kazi na kuondoka, bandari ilimwajiri katika ofisi ya kupanga mbizi za wengine.

Alipoweza kutembea na fimbo, safari yake ya kwanza peke yake ilikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi, mtaa wa pili kutoka bandarini. Aliomba ramani ya wilaya ya Lushoto. Karani akaitandaza mezani, na Kornelio akamwomba amsomee kimo cha Rangwi, halafu cha barabara inapopita Magamba.

Karani alifuata mistari kwa kidole, akataja futi za Rangwi, akataja za Magamba.

“Rudia,” Kornelio alisema.

Karani akarudia.

Kornelio alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Mlima ule alikuwa ameupanda akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliupanda na mzigo wa kuni kichwani, na aliupanda akikimbilia shule kengele isimkute njiani. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba nyumbani kwao ni juu.